Hamira inafaidika nini na pombe, na kwa nini maji ya chokaa hayakubadilika

Mkuu, umeuliza mawili: seli inapata nini kwa kutengeneza pombe wakati inaambulia ATP 2 tu (ATP ni molekuli ya nishati ya seli), na kwa nini jaribio lako la hamira limegoma dakika 40 nzima, maji ya chokaa yasigeuke meupe kuonyesha kaboni dayoksaidi.

Faida haiko kwenye pombe. Kuvunja glukosi moja kuwa piruveti mbili (molekuli ndogo zaidi) kunagharimu ATP 2 na kurudisha 4. Papo hapo NAD+ mbili, molekuli za kubebea elektroni, hubeba elektroni na kuwa NADH. Hapa ndipo wengi wanapopotea: NAD+ ya seli ni kidogo, na yote ikishabebeshwa mzigo bila pa kuutua, kazi husimama hata sukari iwe tele. Oksijeni ikiwepo, mzigo hutuliwa kwenye mitokondria, sehemu ya seli inayotumia oksijeni kutoa nishati. Isipokuwepo, hamira huitoa piruveti kaboni dayoksaidi, hubaki asetaldehaidi, nayo hupokea elektroni ikawa ethanoli, yaani pombe. NAD+ imerudi kazini. Msuli wa mkimbiaji wa mita 400 hutua mzigo kwenye piruveti yenyewe, ikawa asidi ya laktiki, bila gesi. (Maumivu ya siku ya pili msiisingizie laktiki. Huondoka kwa saa moja hivi. Kinachouma ni nyuzi za msuli zilizochanika.)

Sasa jaribio. Chemsha mililita 100 za maji kwa dakika 5 ili hewa itoke, funika, acha yapoe hadi nyuzi 35–40. Koroga taratibu gramu 5 za glukosi na gramu 2 za hamira. Ukitikisa kwa nguvu umerudisha oksijeni. Mimina kwenye neli, funika kwa mafuta ya kupikia unene wa sentimita 1, kisha mpira wa kufunga na mrija uingie kwenye maji ya chokaa.

Maelezo yako yanasema hamira uliitia maji yakiwa bado yanatoa mvuke. Umeiua: ikifika nyuzi 60 haisalimiki. Hamira ikiwa hai na bado kimya, kagua mpira, maana gesi hupitia popote palipolegea. Kagua pia maji ya chokaa: yaliyokaa wazi huwa yameshanyonya kaboni dayoksaidi ya hewani. Weka na neli ya pili yenye hamira iliyochemshwa, la sivyo huwezi kudai gesi imetoka kwenye seli hai.

Weupe ukitokea, andika matokeo palepale. Gesi ikiendelea kuingia, kalsiamu kabonati huyeyuka na maji hurudi kuwa maangavu.