Supu ya Kongoro ni Tamu, Lakini Mifupa Inataka Dagaa

Mwanamke akikoma hedhi na kuanza kulalamikia mwili, ushauri wa kwanza atakaoupata mtaani ni supu: ya kongoro au ya mifupa, iliyochemka mpaka ikipoa inaganda. Hapa Tanga nimeambiwa hivyo na karibu kila shoga yangu. Naipenda na naendelea kuinywa, lakini kama unatafuta kalsiamu, humo ni kidogo sana. Kile kinachoganda ni protini. Madini yenyewe yamebaki kwenye mfupa unaoutupa.

Mfupa hautulii. Mwili hubomoa sehemu kuukuu na kujenga mpya maisha yote, na homoni ya estrojeni ndiyo huzuia ubomoaji usizidi ujenzi. Hedhi ikikoma, estrojeni hushuka, na miaka michache ya mwanzo ndiyo mifupa hupungua kwa kasi zaidi. Wala hauumi. (Magoti yanayouma mara nyingi ni habari nyingine, ya viungo.) Wifi yangu hakuwa na dalili yoyote mpaka alipoteleza bafuni, akajizuia kwa mkono, kifundo kikavunjika.

Mapendekezo ya Marekani kwa mwanamke aliyevuka miaka 50 ni miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku. Kikombe cha maziwa cha robo lita kina kama 300. Nani kwetu ana pesa ya vikombe vinne kila siku? Mimi nakunywa kimoja, tena mtindi, maana maziwa mabichi ya kuchemsha hunijaza gesi. Bakteria wa mtindi huwa wameshapunguza ile sukari inayosumbua matumbo ya wengi wetu.

Kinachobaki nakitafuta kwenye dagaa. Wawe wa Mwanza, wa Kigoma au uono wa baharini, faida yao ni kuliwa wazima na mifupa yao, kwa hiyo usikae kutwa unanyofoa vichwa. Nawaosha kwa maji ya vuguvugu mpaka mchanga na chumvi vitoke, nawakausha kikaangoni, kisha nyanya, kitunguu, tui na ndimu. Chumvi naitia kwa kuibia, kwani ikizidi, mwili hupoteza kalsiamu kwenye mkojo. Ndiyo maana ng'onda si mbadala wa dagaa: chumvi tele, na miiba yake hakuna anayeitafuna.

Kwenye mboga kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Mchicha una kalsiamu nyingi, lakini una pia oksaleti zinazoishika, kwa hiyo mwili hupata kiasi kidogo tu. Sukuma wiki na chainizi hazina shida hiyo. Sijaacha mchicha, una mazuri yake mengine, ila siuhesabu upande wa mifupa. Uji wa ulezi nauhesabu: gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300. Ukiuloweka, ukauotesha kimea au ukauchachusha kabla ya kupika, mwili huyapata madini yake vizuri zaidi.

Bila vitamini D, kalsiamu haifyonzwi ipasavyo. Sisi wa pwani tuna jua la kumwaga, lakini tunatoka tumejifunika buibui, na ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani. Lile jua la saa moja asubuhi halina nguvu hiyo. Mimi nakaa uani kwenye saa nne, mikono na miguu wazi, nachambua mchele. Na kutembea pia, bila shaka. Mfupa usiobeba uzito hulegea.

Kama umevunjika kwa kuanguka kidogo tu, umepungua kimo, mgongo umeanza kupinda, au umetumia prednisoloni (dawa ya kutuliza uvimbe mwilini) kwa muda mrefu, usiishie jikoni. Muulize daktari kuhusu kipimo cha uzito wa mifupa, kwa sababu mifupa iliyokwisha dhoofu huhitaji dawa, na dawa zipo. Vidonge vya kalsiamu navyo usijinunulie tu dukani, hasa kama una matatizo ya figo au umewahi kuwa na mawe. Ukiandikiwa, usimeze zaidi ya miligramu 500 kwa mkupuo, ziada haifyonzwi vizuri. Na anayetumia dawa ya tezi ya shingo aina ya levothairoksini aviachanishe kwa saa 4, maana kalsiamu huizuia dawa hiyo kuingia mwilini.