Lita moja na ushee, kisha basi

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Mwilini mwa mnyama nani anatoa amri, mishipa ya fahamu au homoni?", limenichokonoa, kwa sababu kwa wakwe zangu Machame, Kilimanjaro, jambo hili lilikaribia kumfukuzisha mtu kazi. Jibu langu la haraka ni homoni. Mishipa inawahi kufikisha habari, sawa, lakini kukua, kushika mimba na kutoa maziwa ni kazi za homoni. Ila mimi nitamjibia ng'ombe anayeficha maziwa, maana huyo ndiye ninayemjua.

Mama mkwe anafuga ng'ombe mmoja chotara, bandani, kama kwenye vihamba vingi kule, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga. Majani na migomba analetewa. Mkamuaji ni kijana mpole wa palepale kijijini. Basi maziwa ya asubuhi yakaanza kupungua. Mwanzoni yanatoka vizuri, lita moja na ushee, kisha yanakatika, na kiwele bado kimejaa. "Huyu mtoto ananywea humo bandani," Mama akasema. Kijana akaapa: "Kweli tena, Mama, hata povu sijalamba." Jirani wa chini (yeye hakosi ushauri) akataja jicho baya. Kikaitwa kikao, shemeji zangu wakagawanyika, chai ikanywewa bila maziwa, na kijana amesimama mlangoni muda wote huo kama mshtakiwa.

Wakati huohuo jirani wa juu alikuwa amenunua mashine ya dizeli ya kukatia majani. Anaiwasha alfajiri, nyuma tu ya banda, kiwele kikiwa ndiyo kwanza kinaoshwa. Jioni mashine imezimwa, na maziwa ya jioni hayakupungua hata kidogo. Hakuna aliyeyaunganisha mambo hayo mpaka mtaalamu wa mifugo alipokuja asubuhi, akasikiliza ule mngurumo, akacheka.

Kiwele kikioshwa kwa maji ya uvuguvugu, mishipa ya fahamu ya chuchu hupeleka habari kwenye ubongo, na tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, humwaga homoni ya oksitosini kwenye damu. Dakika moja au mbili baadaye homoni hiyo hukibana kila kifuko kinachotengeneza maziwa, yakashuka. Kabla ya hapo ni kama sehemu moja tu ya tano iliyo tayari juu ya chuchu. Ndiyo ile lita moja na ushee! Ng'ombe akishtuka, ubongo huizuia oksitosini isitoke, na adrenalini, homoni ya mshtuko, hubana mishipa ya damu ya kiwele. Mwaka 1941, kule Marekani, watafiti Ely na Petersen walikata mishipa ya fahamu ya nusu moja ya kiwele. Maziwa yakashuka pande zote mbili. Walipomtisha ng'ombe kwa kumpasulia mifuko ya karatasi, yakagoma. Kwa hiyo amri ilifika kiweleni kwa njia ya damu.

Mtaalamu akachoma sindano ya oksitosini, maziwa yakaja na mashine inaunguruma. Kijana akasafishwa jina, jirani wa juu akaombwa asubiri watu wamalize kukamua, nami nikatangaza kwamba homoni imeshinda.

Sasa ninapoandika, naona sindano ile inanigeuka. Oksitosini haikuwa imemwishia ng'ombe yule. Ilikuwapo kichwani mwake, inangoja ruhusa, na ruhusa hiyo hutolewa na ubongo kwa habari za mishipa ya fahamu. Basi kura yangu naihamishia kwa mishipa, lakini kwa maziwa tu. Ng'ombe akiwa kwenye joto, yaani anataka dume, nitasema vingine, maana hapo homoni za ovari ndizo zinazouendesha huo ubongo. Na wasomaji wafugaji wasiikimbilie sindano kila asubuhi: ng'ombe akiizoea, huenda asishushe vizuri bila kuchomwa.