Kazi za Kidijitali Darasani: Zipi Humpunguzia Mwalimu Mzigo

Mwalimu wa Hisabati katika shule ya msingi ya serikali hamalizwi na kipindi. Humalizwa na madaftari yanayobaki mezani baada ya kipindi. Mkondo mmoja wa darasa la sita wenye wanafunzi 80, ukipewa zoezi la maswali kumi, huzaa majibu 800 ya kusahihisha siku hiyo hiyo, na mwalimu huyo bado ana andalio la somo la kesho, ana zamu, na mara nyingi ana mkondo mwingine unaomsubiri. Nimetumia kazi za kidijitali na madarasa ya ukubwa huo kwa muda wa kutosha kuwa na msimamo kuhusu jambo hili: kazi ya kidijitali humwokolea mwalimu muda pale tu inapomwondolea kazi inayojirudia bila kuhitaji akili yake, yaani kuweka vema na kosa, kuhesabu alama na kuzinakili. Ikitumiwa kupamba kipindi tu, itamla muda zaidi ya ule wa chaki na ubao.

Tatizo linalotajwa kwanza kila mara ni vifaa. Wanafunzi hawana simu, na shule nyingi hazina chumba cha kompyuta. Hata hivyo wengi wetu nchini Tanzania tunavyo vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, ambavyo serikali ilivileta kwa walimu baada ya kazi ya kuhesabu watu kukamilika. Kishikwambi hicho kimoja, au simu ya mwalimu mwenyewe, kinatosha kwa programu ninayoipendekeza kuliko zote kwa darasa kubwa, nayo ni Plickers. Mwanafunzi hashiki kifaa chochote. Anashika kadi ya karatasi yenye namba na umbo la rangi nyeusi, ambayo pande zake nne zimeandikwa A, B, C na D kwa herufi ndogo sana ambazo jirani hawezi kuzisoma. Mwalimu anauliza swali, mwanafunzi anainua kadi huku upande wa jibu lake ukiwa juu, kisha mwalimu anapitisha kamera juu ya darasa zima, na majibu yanasomwa na kuhifadhiwa papo hapo.

Seti ya kawaida ina kadi 40, na mwalimu mwenye wanafunzi 80 anaweza kudhani kwamba hazimfai. Mimi hutoa kadi moja kwa kila dawati. Wanafunzi wakikaa watatu watatu, kadi 27 zinatosha, na kuna faida ambayo kadi ya mtu mmoja mmoja haiileti: kabla ya kuinua kadi, watatu hao hulazimika kukubaliana. Nikipita kati ya madawati wakati wanajadiliana nasikia hasa wanavyofikiri, jambo ambalo daftari lililofungwa haliwezi kuniambia. Chapeni kadi hizo kwenye karatasi ya kawaida na kuzibandika juu ya vipande vya boksi. Msizifunike kwa plastiki inayong'aa, kwa sababu mwanga wa dirishani ukipiga juu yake kamera haioni umbo. Wafundisheni wanafunzi kushika kadi kwa pembeni, kwani kidole kikiziba sehemu ya umbo, jibu la dawati hilo halisomeki.

Muda unaookolewa hutegemea ubora wa swali, na hapa ndipo ninapowasihi walimu wenzangu wasifanye haraka. Chukua swali la sehemu, 1/3 + 1/4. Jibu sahihi ni 7/12. Machaguo matatu yanayobaki yasiwe namba za kubahatisha. Weka 2/7, ambalo hupatikana kwa kujumlisha kiasi kwa kiasi (namba za juu) na asili kwa asili (namba za chini). Weka 2/12, jibu la mwanafunzi aliyetafuta vizuri kigawe kidogo cha shirika lakini akasahau kubadili viasi. Weka 1/12, jibu la aliyezidisha badala ya kujumlisha. Swali likiandikwa hivyo, kila jibu lisilo sahihi linakutajia ugonjwa wake, na mwalimu hahitaji kufungua madaftari 80 ili kujua kwamba nusu ya darasa haijaelewa hatua ya pili. Anarudi ubaoni wakati ule ule, anafundisha hatua hiyo moja, na kipindi cha marudio alichokuwa amekipangia wiki ijayo huenda kisihitajike kabisa. Kwa maoni yangu, muda mwingi zaidi huokolewa hapo kuliko kwenye usahihishaji wenyewe.

Kuandika maswali ya namna hiyo kunachosha mwanzoni, na muhula wa kwanza mwalimu asitarajie nafuu kubwa. Nafuu huja maswali yanapotumika tena kwa mkondo wa pili, kisha kwa darasa la mwaka unaofuata. Kwa sababu hiyo, walimu wa somo moja wagawane mada: mmoja aandike maswali ya sehemu, mwingine ya desimali, mwingine ya vipimo, kisha wabadilishane. Michezo ya maswali yenye muziki na mashindano, kama ile ya Kahoot, wanafunzi huifurahia, lakini inataka kila mshiriki au kila kundi liwe na kifaa na intaneti isiyokatika. Kwa shule nyingi za kwetu naona ibaki kwa siku maalumu.

Shule yenye kompyuta chache bila intaneti ya uhakika ina njia nyingine nzuri. Kolibri, programu ya bure, hupakuliwa pamoja na masomo na mazoezi yake mara moja, kisha kompyuta moja hugawa maudhui hayo kwa vifaa vingine vya chumba hicho kwa ruta, bila kutumia bando. Mazoezi hujisahihisha, na mwalimu huona nani amekwama katika swali gani.

Yapo mambo ambayo sikubali kuyaachia mashine. Mwanafunzi lazima aendelee kuandika njia ya kukokotoa daftarini, na mwalimu lazima aisome njia hiyo kwa macho yake. Swali la mafumbo ya maneno, ambalo mtoto husoma habari ya muuza machungwa na kuamua mwenyewe kama atagawanya au atazidisha, haliwezi kupimwa vizuri kwa herufi nne. Muda uliookolewa kwenye maswali mafupi uende huko. Mimi husahihisha kwa kina madaftari ya madawati machache kila siku, nikizungusha darasa zima, nami naandika maelezo ambayo zamani nisingepata nafasi ya kuyaandika.

Jambo moja zaidi linahusu majina. Tangu kutungwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, tunawajibika kuwa waangalifu zaidi na taarifa za watoto, na hakuna sababu ya kuingiza majina kamili ya wanafunzi katika programu za kigeni. Sajili kadi kwa namba ya dawati tu, na orodha ya nani anakaa wapi ibaki katika daftari lako.

Kwa anayetaka kuanza muhula ujao, aanze na mada ya sehemu, maswali matano tu, mwishoni mwa kipindi. Aandike maswali hayo ubaoni kama hana projekta, achaji kifaa usiku, na awe na maswali hayo hayo kwenye karatasi ili umeme au mtandao ukikosekana kipindi kiendelee kama kawaida.