Kitabu cha Kale Usikijalidi Upya Kabla Hujasoma Alama Zake

Marehemu mjomba wangu alikuwa katekista Katuba, hapa Lubumbashi, na alituachia sanduku la vitabu vya Kilatini. Kimoja kilichapwa Antwerp mwaka 1604, jalada lake la ngozi limeliwa na wadudu. Kwa mapenzi yote nikakipeleka kwa fundi wa kujalidi. Kilirudi kinang'aa. Nilipouliza ngozi ya zamani na karatasi tupu za mwanzo ziko wapi, nikaambiwa zimetupwa.

Inaniuma mpaka leo, maana humo ndimo ningejua kitabu kimepita mikono ya nani. Wenye vitabu waliandika majina yao hapo hapo, pamoja na bei, zawadi na namba ya rafu. Ndani ya majalada ya zamani mafundi walibandika hata vipande vya hati za mkono zilizokwisha kazi. Ndugu yangu, kabla ya fundi kugusa chochote, piga picha kila upande, hata wa karatasi tupu. Akibadilisha jalada, mwambie akurudishie la zamani.

Mimi nilibakiwa na ukurasa wa jina la kitabu. Chini imeandikwa kwamba kilitoka karakana ya uchapaji ya Plantin kwa Jan Moretus. Plantin aliianzisha mwaka 1555, na alipofariki mwaka 1589 Moretus, mkwewe, akaiendeleza. Lakini mahali kilipochapwa kitabu si mahali kilipokaa. Na majina ya miji kwa Kilatini yana mitego: Lugduni ni Lyon, ila Lugduni Batavorum ni Leiden.

Juu ya ukurasa ule karatasi ilikuwa nyembamba, kama imekwanguliwa kwa kisu. Usiimwagie dawa yoyote. Mimi nilikwenda kwa jirani yangu anayebadilisha pesa, mwenye ile taa ndogo ya zambarau ya kukagulia dola. Tulisubiri giza, tukafunga mlango, tukamulika kwa muda mfupi. Wino wa kale uliochanganywa na chuma hunyonya mwanga ule, kwa hiyo maandishi yaliyofifia huonekana meusi kwenye karatasi inayong'aa. Herufi zikajitokeza moja moja: Collegii Societatis Iesu Lovanii. Wajesuiti wa Leuven! Jirani yangu hajui Kilatini, lakini tulishikana mikono.

Kwa nini jina likwanguliwe? Mwaka 1773 Papa Klementi wa 14 alilivunja shirika la Wajesuiti, na vitabu vyao vingi katika Ubelgiji ya leo vikapigwa mnada. Naamini mnunuzi fulani hakutaka jina la wenye zamani libaki juu ya mali yake.

Mihuri ya kwetu ni rahisi zaidi, na sisi wa hapa tunaisoma kuliko mtaalamu yeyote wa Ulaya. Muhuri wenye Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, ni wa kati ya 1910, mji ulipoanzishwa, na 1966, jina lilipobadilishwa. Ukisema pia Congo Belge, haujavuka Juni 1960. Zaïre ni 1971 hadi 1997. Wangu una Élisabethville na neno misheni tu, nami nafikiria Wabenediktini wa Sint-Andries karibu na Brugge, waliokabidhiwa Katanga mwaka 1910. Sijathubutu kuliandika kama jambo la hakika. Na ukikuta muhuri wa maktaba bila alama kwamba kitabu kiliondolewa humo, iulize maktaba hiyo kabla ya kufikiria kuuza.

Kwa majina ya Kilatini ya miji na ya wenye vitabu, fungua orodha ya CERL, muungano wa maktaba za Ulaya. Ni bure kwenye intaneti. Ikiwa kitabu ni cha kabla ya 1501, wana hazina nyingine iitwayo MEI, inayofuata nakala moja moja kutoka mkono hadi mkono. Yale unayoyapata yaandike kwenye karatasi ya pembeni, kwa penseli, kuanzia mwenyewe wa sasa ukirudi nyuma. Usiandike kitabuni.

Kosa langu la pili ni kwamba niliwauliza walio hai mwisho. Shangazi anakumbuka padre aliyempa mjomba sanduku lile, na kwamba alikuwa anafunga safari kurudi kwao. Jina la padre bado halijamjia. Jumapili baada ya misa nakwenda kwake tena, na picha ya muhuri iko kwenye simu.