Fungueni kabati, vitabu viwafikie watoto

Nafundisha P.2, yaani darasa la pili la msingi, hapa Busia, upande wa Uganda, mwaka wa kumi na moja sasa. Walimu wapya wakija kuniuliza nianzie wapi kufundisha kusoma nawaambia anza na kabati. Fungua kabati, toa vitabu, watoto wavishike.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na watoto 93. Vitabu vilikuwepo jamani, tena vizuri vya picha, lakini vimefungiwa ofisini na ufunguo anao mkuu, eti watoto watavichana. Basi mimi naandika sentensi ubaoni, nasoma, darasa zima linaitikia kwa sauti moja mpaka P.3 wa jirani hawasikii mwalimu wao, na mimi moyoni nafurahi naona watoto wangu wanasoma. Siku moja nikamwita mbele msichana aliyekuwa na sauti kuliko wote, nikampa kijiti aonyeshe neno moja moja. Akasoma, "Baba analima shamba la muhogo," bila kosa, ila kijiti kilishafika mwisho wa mstari na mdomo bado uko kwenye shamba. Nikafuta muhogo nikaandika mahindi. Akasoma tena: muhogo. Nikamwambia mwanangu angalia vizuri, akaangalia, akanitazama usoni, akasema muhogo kwa sauti ya chini sana. Miezi minne alikuwa ameshika wimbo, maandishi hayajui, na kosa lilikuwa langu mimi mwalimu. Usiku ule usingizi haukuja.

Kesho yake nikaenda kwa mkuu nikaomba vitabu 20 tu, nikasaini, nikamwambia kikichanika nitakishona mwenyewe. Na kweli vilichanika! Nikashona kwa sindano na uzi wa nailoni, majalada nikayabandika boksi kwa gundi ya unga wa muhogo. Kitabu chenye kona zilizokunjika na alama za vidole vya embe nakipenda kuliko kile kinachong'aa kabatini miaka sita.

Sasa kugawa. Tangu UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, ianze 1997 watoto wamejaa na vitabu havitoshi, kwa hivyo nawaweka wannewanne kwa kitabu kimoja, mmoja anatembeza kidole chini ya maneno anasoma, wenzake wanafuata, ukurasa ukiisha kidole kinahamia kwa mwingine. Lakini wote wakae upande mmoja wa kitabu, hili nalisisitiza sana. Nilikuwa na kijana mmoja alikuwa anakaa ng'ambo ya meza kila siku, kitabu anakiona kichwa chini miguu juu, nikaja kugundua muhula wa pili kwamba ukimpa kitabu anakigeuza kwanza ndio asome, alikuwa amejifunza herufi zikiwa zimepinduka. Wiki tatu tulimrudisha pole pole.

Kuhusu lugha najua wazazi wengi hawatanipenda. Mtaala wa tangu 2007 unasema P.1 mpaka P.3 mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake, P.4 ndio anaanza kuvuka kwenda Kiingereza. Hapa Busia darasa moja lina Wasamia, Wateso, wa Luganda, na sokoni na mpakani wote wanaongea Kiswahili, alafu mzazi anakuja anataka Kiingereza kutoka siku ya kwanza. Namwelewa, anamtakia mwanae mema. Ila mimi naona kila mwaka: mtoto aliyezoea kuunganisha ba be bi bo bu kwa maneno anayoyajua tangu nyumbani, akisoma "mama" anamwona mama. Huyo ukimpeleka kwenye Kiingereza, ambacho kinaandikwa hivi kinasomwa vile, anahangaika kidogo lakini anajua tayari kwamba maandishi yanasema kitu. Yule aliyerukishwa anabaki kukariri. Kiswahili kinasaidia hapo kwa sababu kinavyoandikwa ndivyo kinavyosomwa.

Kila siku baada ya uji wa mapumziko nawasomea mimi hadithi, dakika kumi tu, wamekaa chini kwenye mkeka, simwulizi mtu swali la mtihani. Nakata pale panaponoga. Kesho yake hakuna anayechelewa kurudi! Kama shule haina vitabu vya hadithi, tovuti ya African Storybook ina hadithi za bure kwa lugha nyingi za Afrika, Luganda na Kiswahili zimo, unapakua kwenye simu. Hakuna pesa ya kuprinti? Chukua gunia, lifue, lipake uji mzito wa wanga wa muhogo, lianike mpaka likauke kabisa, andika na maka kwa herufi kubwa. Gunia langu moja limeingia mwaka wa nne ukutani.

Viboko kwa kushindwa kusoma acheni kabisa, sheria imekataza tangu 2016, na hata bila sheria mtoto anayeogopa macho yake yako kwenye fimbo. Na darasani kwangu hakuna kumcheka anayekwama. Tunamsubiri, hata kama inachukua dakika nzima tunasubiri.

Vitabu pia vinaenda nyumbani Ijumaa, naandika jina kwenye daftari, vinarudi Jumatatu. Mama mmoja anayeuza mukene, dagaa wale wadogo, sokoni alikuja akaniambia, "Mwalimu, mimi sikusoma, nitamsaidiaje huyu?" Nikamwambia mama, wewe kaa naye tu ukimenya muhogo, mwambie soma nisikie, uangalie kidole chake kinatembea, akimaliza muulize hadithi imesema nini. Akaondoka kimya, nikadhani hajaridhika.

Baada ya wiki mbili nilikutana naye njiani na beseni kichwani akasimama. "Mwalimu, juzi ananisomea ile ya fisi, mimi nauliza sasa fisi alirudi kwa nini, ananiambia mama ngoja, sijafika hapo." Alafu akaniuliza kama Ijumaa naweza kumpa mtoto vitabu viwili.