Kwa binti yangu aliye Kitwe, kuhusu huyo rival wako

Mwanangu,

Umeniuliza jambo moja tu. Shefu wako amemwonyesha kidole mwenzako wa meza ya pili, akakuambia mbele ya ofisi nzima kwamba huyo ndiye rival wako kwa ile nafasi ya kuongoza duka la matairi la Solwezi. Unataka kujua kama neno hilo kwa Kiingereza lina uadui ndani yake. Naelewa kwa nini lilikuchoma. Umekulia Lubumbashi, na kwetu mwanamke akitaja rivale, neno hilohilo kwa Kifaransa, hakuna anayewaza kazi, watu wanauliza mume ni yupi. Nilipomsomea mama yako ujumbe wako alicheka hadi akaweka mwiko chini.

Kiingereza changu unajua kilikotoka: Sakania, mpakani mwa Kongo na Zambia, kwa wenzetu wa reli wa upande wa Ndola, tukisubiri mabehewa. Kwa hiyo nakuambia nilivyowasikia wao wakilitumia. Hawamwiti kila mtu rival. Wanaokimbia mbio moja, hata wakiwa mia, hao ni competitors. Unayepambana naye leo uwanjani ni opponent, na kesho unaweza ukawa umeshamsahau. Rival ni yule mmoja unayelingana naye, mnakitaka kitu kilekile, na mtakutana tena. Halafu wanalitumia hata kusifia. Wakisema soko hili lina-rival lile, maana yake limelifikia, halina cha kulionea haya. Neno lenyewe halina sumu. Sumu inaweza kuwa kwenye sauti ya aliyelisema, na mimi sikuwepo nikamsikia shefu wako.

Ningeweza kuishia hapo, jibu lako umelipata. Lakini tangu juzi nalala na lile ninalolisema kila siku hadi mmelichoka: mtu wa mbali hawezi kuwa mshindani wako. Mshindani ni jirani. Lazima awe karibu kiasi cha kukuona unapotoka na unaporudi.

Wewe mwenyewe umelelewa katikati ya jambo hilo, mimi nikiwa Lupopo na mjomba wako akiwa Mazembe. Timu mbili, mji mmoja, zote zimezaliwa 1939. Yetu ya watu wa reli, manjano na buluu. Yao ilianzishwa na watawa Wabenedikto, ikaitwa Saint-Georges, baadaye ikavaa jina la matairi, Englebert. (Mjomba wako angefurahi sana kujua unauza matairi.) Unakumbuka Jumapili zetu. Yeye anaanza na makombe mawili ya Afrika, 1967 na 1968. Mimi namjibu kwamba la 1967 walipewa mezani, maana walitoka sare mara mbili na Asante Kotoko wa Ghana, na Kotoko hawakuja kwenye mechi ya kuamua. Yeye anagonga meza: na la 1968 tulipewa na nani? Nami namwambia habari za ubingwa wetu wa 2002. Mama yako anasema bukari, ugali wetu, inapoa. Miaka yote hiyo hakuna siku hata mmoja wetu aliinuka kwenda kula kwingine.

Sasa Desemba 2010. Nitakusimulia tena hata kama ulikuwepo, kwa sababu ulikuwa mtoto na ulikuwa unaangalia televisheni, hukuwa unatuangalia sisi.

Mazembe walikuwa Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Vilabu. Walishamfunga Pachuca wa Mexico moja bila, na Jumanne tarehe 14 walikuwa wanacheza na Internacional wa Brazili, mabingwa wa Amerika Kusini. Mimi nilishasema siangalii. Redio niliizima. Kabla mechi haijaanza nikasikia geti la lupango linagongwa. Mjomba wako. Ametoka mtaani kwake Kamalondo kwa miguu, jezi ya nyeusi na nyeupe imelowa mvua, na kwake ameacha nyumba imejaa watu. Akasema, "Shemeji, vaa viatu. Nikishinda na wewe hupo, nitamwonyesha nani?" Nikamwambia leo mnafungwa. Akasema, "Sawa, nikifungwa nani atanicheka? Wale wote nyumbani ni wa kwangu."

Nilivaa viatu. Na shati la manjano, mama yako ni shahidi.

Walinitengea kiti cha mbele, kile cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, ili kila mtu aone uso wangu vizuri. Kipindi cha pili Kabangu akafunga. Nilibaki nimekaa, mikono magotini. Kidiaba akaanza kuruka kwa makalio golini kwake, na ninyi watoto wote mkajitupa nje kwenye matope mkimwiga, ukarudi na sketi nyekundu hadi kiunoni. Dakika ya 85 Kaluyituka akapiga, ikawa mbili bila. Timu ya kwanza ya Afrika kuingia fainali ya kombe lile! Nyumba ikapasuka kwa kelele. Mjomba wako hakuwa anaangalia televisheni. Alikuwa ananiangalia mimi, na mimi nilikuwa nimesimama, mikono juu.

Hakusema kitu. Alinishika kichwa kwa mikono miwili akanitikisa.

Watu wameniuliza kwa nini nilisimama. Wanaonipenda wanasema ulikuwa upendo wa mji, Lubumbashi ni moja, na kadhalika. Sikubali. Jaribu kufikiri: nani kwetu alishawahi kuwaza habari za Porto Alegre, mji wa hao Internacional, kabla ya wiki ile? Wale Wabrazili hawakuwa na deni lolote na sisi. Walikuwa wapinzani wa jioni moja, mambo ya mtu wa mbali, yameisha hivyo. Nilisimama kwa sababu nawajua Mazembe. Nimewatazama tangu ujana wangu nikitafuta watakapokosea. Shabiki wao anaangalia mpira, mimi naangalia beki wa kushoto amesahau nini nyuma yake. Katika nyumba ile iliyojaa, sidhani kama kulikuwa na mtu aliyejua kama mimi ugumu wa walichokifanya. Au labda kelele zilinipandisha tu. Mama yako ndivyo anavyosema, na nimelifikiria hilo kwa uaminifu, lakini kelele hazimwinui mtu wa Lupopo.

Kilichouma kilikuja kesho yake. Kazini, mtu tuliyekuwa tunakwenda naye uwanjani miaka na miaka, upande wetu, wimbo mmoja, alikataa mkono wangu. Alikuwa ameshasikia. Akaniambia nimewauza. Nimezeeka, mwanangu, na bado nikimkumbuka damu inachemka. Yeye alitaka Mazembe wasiwepo. Wasingekuwepo, Jumapili ile ya derby, mtaa wetu wa Kenya, hapa Lubumbashi, wote umevaa manjano, angekwenda kumwimbia nani? Yule hakuwahi kuwa na mshindani hata siku moja, alikuwa na adui tu, na adui hakukimbizi, anakuchosha. Mshindani ni jirani. Nasema tena, na nitasema hadi mnizike.

Jumamosi Inter ya Milano wakawapiga tatu bila. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote mdomoni. Nilikwenda Kamalondo, nikakaa kando ya mjomba wako, tukala bukari na sombe, sikutamka neno. Jumatatu nilimwambia yote, na alicheka hadi akalia.

Tangu atuache, Mazembe wakifungwa nafurahi kama zamani, ila furaha yenyewe inaisha kabla sijafika nyumbani. Sina wa kumpelekea.

Basi, huyo mwenzako. Katika ujumbe wako kuna mstari uliouandika haraka, kana kwamba si kitu: kwamba mwezi uliopita alibaki ofisini hadi jioni akakusahihishia Kiingereza cha ripoti yako kabla haijafika kwa shefu. Na mbele kidogo unasema tangu neno lile lisemwe umehamishia meza yako dirishani, na chakula cha mchana kila mtu anakula kwake. Mistari hiyo miwili nimeisoma mara nyingi kuliko yote. Mtu aliona unapopungukiwa, akapajaza, akanyamaza.

Hata hivyo nimejaribu kujibishana na nafsi yangu, usifikiri nimekuandikia kwa moyo tu. Anayekusahihishia ripoti anajua pia udhaifu wako ulipo, na siku ya usaili anaweza kuukumbuka. Tena mpira una marudiano. Lupopo akifungwa leo, kuna msimu ujao. Duka la Solwezi ni moja na mkuu wake ni mmoja, atakayekosa atabaki kwenye meza ileile akimpelekea mwenzake taarifa za matairi. Hilo nalijua. Mama yako ananiambia nisione wema kila mahali, Kitwe si Kamalondo, na mtoto wetu yuko peke yake ugenini. Ana haki. Lakini nikishasema ana haki narudi palepale: ni nani mwingine katika ofisi ile anayejua kwa nini unaitaka Solwezi kiasi hicho? Shefu hajui. Sisi wenyewe hatujui vizuri, tunajua mshahara tu. Yeye anajua, kwa sababu anaitaka vilevile.

Hukuniuliza kama umwambie wazi kwamba nawe umeshapeleka maombi. Jibu ninalo, na linaniwasha ulimini tangu nilipokamata kalamu. Nimemwahidi mama yako sitaliandika, na wewe ni mtu mzima, unaijua ofisi yako. Nasema tu kwamba mjomba wako alitoka Kamalondo kwa miguu, tena kwenye mvua. Hapo nimefika, siongezi.

Meza ya dirishani ina mwanga mzuri, sikatai.

Tarehe ya usaili ikijulikana, nipigie siku hiyohiyo, hata usiku, simu inalala kando ya mto wangu. Na jambo moja dogo. Huko Kitwe mna Nkana na Power Dynamos, timu mbili ndani ya mji mmoja kama kwetu. Muulize mwenzako yeye ni wa ipi. Mwambie ni baba yako anayetaka kujua.

Baba yako,
Lubumbashi