Uvimbe wa juu ya figo na sukari: maswali yenu

Barua za safari hii zinahusu feokromositoma, uvimbe wa tezi za adrenali, zile mbili zilizokaa juu ya figo.

Mama ana uvimbe huu. Tumemkatia sukari, wali na ugali ili uvimbe ufe njaa. Tumekosea?

Mrudishieni ugali wake. Najua mmefanya kwa mapenzi, ila hata asipokula wanga, ini lake hutengeneza glukosi na kuimwaga kwenye damu, na uvimbe huchota humo humo. Kwenye utando wa seli kuna protini iitwayo GLUT1, ndiyo mlango wa glukosi. Ikishaingia, kimeng'enya cha heksokinesi huibandika fosfeti isiweze kutoka tena. Uvimbe wenye milango mingi hujipatia fungu lake kwanza; atakayekonda ni mama, naye anahitaji nguvu za kuhimili upasuaji. Kama ana kisukari, afuate mlo aliopangiwa kliniki.

Milango hiyo inaongezeka kwa nini?

Miaka ya 1920 Otto Warburg, Mjerumani, aliona seli za saratani zikichachusha sukari, yaani kuivunja bila kutumia oksijeni, hata oksijeni ikiwepo; njia hiyo hula sukari nyingi. Katika baadhi ya uvimbe wa adrenali tunajua hitilafu inakoanzia: jeni ya SDHB. Jeni hii hutoa kipande kimoja cha kimeng'enya kilichomo ndani ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli, ambacho kazi yake ni kubadili saksineti, kemikali inayotokea seli inapochoma chakula. Kikiharibika, saksineti hujazana, na seli hudhani imekosa hewa. Basi inaamuru GLUT1 na heksokinesi zaidi zitengenezwe. Oksijeni ipo tele, lakini taarifa iliyoifikia ni ya uongo. Mimi nimelisoma jambo hili mara nyingi na bado linanishangaza.

Kabla ya kipimo cha picha cha PET nilifungishwa kula kwa muda wa saa sita, nikalazwa chumba tulivu, nikaambiwa nisiongee. Kulikoni?

Ulidungwa glukosi iliyotiwa florini yenye mnururisho. Ungetembea, misuli ya miguu ingeinyakua; ungeongea, ya koo nayo ingeng'aa kwenye picha. Uvimbe wenye hitilafu ya SDHB kwa kawaida hung'aa sana. Lakini kifua kikuu nacho hung'aa, kwa hiyo doa peke yake lisikukatishe tamaa.

Sukari yangu ilipanda, na sikuwahi kuwa na kisukari.

Adrenalini, homoni inayomwagwa na uvimbe, huliamuru ini liachie sukari na huizuia kongosho kutoa insulini. Baada ya upasuaji sukari huweza kushuka ghafla, ndiyo maana wauguzi watakutoboa kidole mara kwa mara siku ya kwanza.

Watoto wangu wapimwe?

Ukikutwa na hitilafu ya SDHB, ndiyo. Kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi, ingawa si kila aliyeirithi huota uvimbe. Wenye nayo hufuatiliwa kwa kipimo cha metanefrini (mabaki ya adrenalini na homoni za jamii yake), cha damu au mkojo, na kwa picha. Na yeyote kati yao akipata vipindi vya kichwa kuuma, jasho na moyo kwenda mbio huku presha ikipanda, asifanyiwe upasuaji wowote kabla daktari wa usingizi hajaelezwa habari hii.